APRI 0.76: daktari mmoja anasema ini langu halina makovu, mwingine anasema linayo

SWALI: Daktari, habari za kazi. Ni mwanaume wa miaka 41. Nina hepatitisi B sugu, niliigundua miaka 3 iliyopita nilipokwenda kuchangia damu. Sijawahi kutumia dawa na situmii pombe. Majibu yangu ya safari hii: AST 52 (maabara imeandika mwisho wa kawaida ni 40), ALT 61, chembe sahani 172. Miaka 3 iliyopita, maabara ileile, AST ilikuwa 41, ALT 48, chembe sahani 214. Daktari wa kwanza alipiga hesabu akasema APRI yangu ni 0.76, iko chini ya 1.5, kwa hiyo ini halina makovu na nirudi baada ya mwaka. Wa pili alitazama karatasi hiyohiyo akasema makovu yapo ya kutosha, nianze dawa. Nimwamini nani? Au nikatwe kipande cha ini ili ukweli ujulikane? Na nikianza dawa, vipimo hivi vitanionyesha makovu yakipungua? Niongeze tu kwamba damu ilichukuliwa siku chache baada ya homa kali iliyonilaza, na kwamba wingi wa virusi ulikuwa IU 6,400 kwa mililita.

JIBU: Ndugu yangu, ahsante kwa kuandika namba zote, pamoja na ule mwisho wa kawaida wa maabara. Wengi huniletea APRI peke yake, nami hubaki kama fundi cherehani aliyepewa kipande cha kitambaa akaambiwa akisie gauni lilivyokuwa.

Madaktari wako wote wawili wamepiga hesabu sawasawa. APRI ni namba ya kukisia makovu ya ini kutokana na damu. AST na ALT ni vimeng'enya vinavyomwagika kwenye damu seli za ini zikiumia, na chembe sahani ni zile zinazosaidia damu kuganda, huhesabiwa kwa maelfu. AST yako 52 ukiigawanya kwa 40 unapata 1.3. Zidisha kwa 100, gawanya kwa chembe sahani 172, unapata 0.76. APRI haina siri nyingine zaidi ya hiyo. Walichotofautiana ni mahali pa kuchora mstari. Wa kwanza ametumia mstari wa mwaka 2003, ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliuchora kwa wagonjwa wa hepatitisi C. Wa pili ametumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024, ulioandikwa kwa ajili ya hepatitisi B.

Hata kwa mstari wake mwenyewe, daktari wa kwanza ameteleza. Waliobuni APRI waliweka mistari miwili. Chini ya 0.5, makovu makubwa hayatarajiwi. Juu ya 1.5, yanatarajiwa. Kati ya hapo kipimo kinanyamaza. Kwa hiyo "chini ya 1.5" haijawahi kumaanisha "hakuna makovu" kwenye mwongozo wowote ninaoufahamu. Wewe na 0.76 yako mlikuwa kwenye ukimya, na ukimya ule ukatafsiriwa kuwa habari njema. Kosa hili nakutana nalo mara nyingi kuliko lingine lolote katika vipimo hivi.

Tuone basi kipimo cha damu kinajuaje habari za kovu lililomo ndani ya ini. Kwa kweli hakijui. Kinakisia kutokana na dalili za pembeni.

Virusi vya hepatitisi B haviui seli za ini moja kwa moja. Kinga ya mwili ndiyo inayozishambulia seli zilizovibeba, na kila shambulio huacha kidonda kidogo. Pembeni ya seli za ini zimejibanza seli ziitwazo seli za nyota, ambazo katika ini lenye afya kazi yake kubwa ni kuhifadhi vitamini A. Ini likiumizwa mwaka baada ya mwaka, seli hizi huacha kazi ya ghala na kuanza kumwaga kolajeni, uzi uleule unaojenga kovu la ngozi. Kolajeni huanzia kuzunguka njia zinazoingiza damu kwenye ini. Hapo tunasema F1. Ikianza kurusha nyuzi chache kutoka njia moja kuelekea nyingine, ni F2. Nyuzi zikiwa nyingi ni F3. Zikilikata ini vipandevipande na kila kipande kikajiviringa kuwa kinundu, tumefika F4, yaani sirosisi. Tunaposema "makovu makubwa" kwenye majadiliano ya hepatitisi tunamaanisha F2 kwenda juu. Jina linatisha kuliko hali yenyewe, kwa sababu mtu wa F2 anaweza asihisi chochote kabisa.

Ini lililojaa kovu huwa gumu, na damu kutoka tumboni hupita kwa shida. Msukumo hurudi nyuma, bandama huvimba, na bandama iliyovimba huzizuia chembe sahani nyingi ndani yake. Ini lilelile ndilo linalotengeneza kwa wingi homoni inayouamuru uboho kuzalisha chembe sahani, na likichoka homoni hiyo hupungua. Chembe sahani zinashuka kwa njia mbili kwa wakati mmoja. AST nayo hupanda kwa sababu seli zinapasuka, na pia kwa sababu ini lenye kovu huchelewa kuiondoa kwenye damu. Ndiyo maana mtu akielekea kwenye sirosisi AST huanza kuipita ALT, ingawa katika hepatitisi ya kawaida ALT ndiyo huongoza. Kwako, AST ukiigawanya kwa ALT inatoa 0.85, na miaka 3 iliyopita ilikuwa 0.85 pia. Uwiano haujageuka, na hilo nalihesabu upande wako.

Sasa unaona APRI ilivyojengwa: kinachopanda kimewekwa juu, kinachoshuka kimewekwa chini, ili vyote viwili viisukume namba upande mmoja. Wazo ni la busara. Ila hakuna popote kwenye hesabu hiyo palipopimwa kovu, na chochote kingine kinachopandisha AST au kushusha chembe sahani kitajifanya kovu.

Ipo hesabu nyingine ya aina hiyo: FIB-4, iliyotoka mwaka 2006 kwa wagonjwa waliokuwa na VVU pamoja na hepatitisi C, inaongeza umri na ALT. Unazidisha umri kwa AST, kisha unagawanya kwa chembe sahani zilizozidishwa na kipeuo cha pili cha ALT. Yako ni 41 mara 52, gawanya kwa 172 mara 7.8, inakuja 1.59. Mistari yake ni 1.45 na 3.25, kwa hiyo hapa pia umeangukia katikati, tena ukingoni kabisa mwa chini. Nikuonyeshe jambo moja kuhusu FIB-4. Damu yako hiyohiyo, isipobadilika hata tone, ingekuwa ya kijana wa miaka 25 ingetoa 0.97, na kijana angeambiwa aende zake. Ingekuwa ya mzee wa miaka 70 ingetoa 2.71. Umri umewekwa kwa sababu kovu huchukua miaka kujijenga, na hilo ni kweli, lakini mtoto aliyeambukizwa hepatitisi B wakati wa kuzaliwa anafikisha miaka 30 akiwa na miaka 30 ya ugonjwa. Kwa walio chini ya miaka 35 siiamini FIB-4 inaposema hakuna kitu, na kwa waliopita 65 siiamini haraka inaposema kuna kitu.

Sasa mistari. Kwa nini Shirika la Afya Duniani liliishusha?

Mwongozo wa mwaka 2015 ulisema mtu mzima mwenye hepatitisi B ahesabiwe kuwa na sirosisi APRI ikipita 2. Mstari huo ni mkali: anayeuvuka karibu hakika ana tatizo. Lakini watu wengi wenye sirosisi halisi hawakuuvuka, wakarudishwa nyumbani bila dawa. Mwongozo wa 2024 ukasema APRI ikizidi 0.5 ihesabiwe kuwa kuna makovu makubwa, na ikizidi 1.0 ihesabiwe kuwa sirosisi. Maini ya watu hayakubadilika kati ya 2015 na 2024. Kilichobadilika ni uamuzi wa kosa lipi tunalivumilia. Mstari wa juu unawaacha wagonjwa nje ya matibabu. Mstari wa chini unawaingiza watu ambao pengine wangeweza kusubiri. Kwa hepatitisi B, dawa tunazozungumzia ni tenofovir au entecavir, kidonge kimoja kwa siku, ambazo wengi wanazivumilia vizuri, ilhali mtu aliyeachwa bila dawa anaweza kurudi akiwa na saratani ya ini. Ukiyaweka makosa hayo mawili kwenye mizani, mimi naukubali mstari wa chini. Kama dawa ingekuwa ya sindano zenye madhara makali, kama interferon ilivyokuwa kwa miaka mingi, ningesita.

Lakini mstari wa chini una gharama yake, na daktari wako wa pili hakukueleza. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kipimo kinawakamata 70 kati ya kila 100 wenye makovu makubwa, na kinawasafisha 70 kati ya kila 100 wasio nayo. Kipeleke kwa watu 100 ambao 10 tu ndio wenye makovu. Kitawanyooshea kidole 34, na kati yao 7 ndio kweli wanayo, 27 wamesingiziwa. Kipeleke kwa watu 100 ambao 50 wana makovu. Kitawanyooshea kidole 50, na 35 wanayo kweli. Kipimo ni kilekile na mstari ni uleule, lakini katika kundi la kwanza kidole kinakosea mara nyingi kuliko kinavyopatia. Ndiyo maana kabla sijaisoma APRI ya mtu huuliza kwanza yeye ni nani: ana umri gani, ALT imekuwa juu kwa muda gani, virusi ni vingi kiasi gani, kuna pombe, kisukari au unene unaolishambulia ini kwa upande mwingine, kuna ndugu wa damu aliyekufa kwa saratani ya ini.

Wewe una miaka 41, mwanaume, ALT iko juu kwenye vipimo viwili vilivyopishana miaka 3, virusi vinazaliana. Uko karibu zaidi na lile kundi la pili. Kidole kikikunyooshea wewe, nakichukulia kwa uzito kuliko ningekichukulia kwa kijana wa miaka 22 mwenye ALT ya 18.

Turudi kwenye homa, maana hapo ndipo karatasi yako inapoweza kutudanganya. Homa nyingi zinazolaza mtu hushusha chembe sahani kwa siku au wiki kadhaa: malaria hufanya hivyo, dengi hufanya hivyo zaidi, hata virusi vya kawaida. Homa hizohizo zinaweza kuinua AST. Kwa hiyo juu kumepanda na chini kumeshuka, na kovu halijahusika. Nimejaribu kuzirudisha namba zako moja moja. Tuseme homa ilishusha chembe sahani peke yake na kweli yake ni 214 kama zamani: APRI inakuwa 0.61. Tuseme homa iliinua AST peke yake na kweli yake ni 41: APRI inakuwa 0.60. Kila upande peke yake unakuacha juu ya 0.5. Zikirudi zote mbili unashuka hadi 0.48, pale ulipokuwa miaka 3 iliyopita, yaani chini kidogo tu ya mstari. Kwa maneno mengine, homa inaweza kuwa imeitia chumvi namba yako, lakini hata ukiiondoa chumvi yote unabaki mlangoni.

Kwa hiyo pima tena, wiki 6 baada ya homa kupona, maabara ileile. Nasisitiza maabara ileile kwa sababu APRI inategemea mwisho wa kawaida uliochapwa kwenye karatasi. AST yako ya 52 katika maabara inayotumia mwisho wa 35 ingetoa APRI 0.86. Ungedhani ugonjwa umesonga, kumbe umevuka barabara tu.

Wiki moja kabla ya kipimo usibebe vyuma wala kukimbia mbio ndefu, kwa sababu AST imo pia kwenye misuli na mazoezi makali huimwaga. Ukiona AST imeruka na ALT imetulia tuli, mwombe daktari aangalie kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK kabla ya kulilaumu ini. Damu ikitolewa kwa shida, chembe nyekundu zikapasuka ndani ya tyubu, AST hupanda pia, na maabara nzuri huandika hivyo kwenye majibu. Kuna na kisa cha chembe sahani kushikana. Niliwahi kuletewa mama aliyeandikiwa chembe sahani 41, APRI ikaenda mbali kabisa, familia ikaanza kulia. Hakuwa na bandama iliyovimba wala alama yoyote ya sirosisi. Kumbe dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye tyubu ya kawaida ilikuwa inazifanya chembe zake zigande mafungumafungu, na mashine ikahesabu fungu zima kama moja. Tyubu ya aina nyingine, yenye sitrati, ikatoa 230. Tangu siku hiyo namba ya chembe sahani isiyofanana na mgonjwa aliyeketi mbele yangu naiomba itazamwe kwenye darubini.

Hepatitisi B ina tabia nyingine inayoitatiza APRI kuliko hepatitisi C. Ugonjwa wake huja kwa mawimbi. Mtu anaweza kukaa kimya miezi mingi kisha ALT na AST zikapaa mara kumi kwa wiki chache, halafu zikatulia. Ukimpima juu ya wimbi, APRI itasema sirosisi. Usiihesabu APRI ya wakati huo, subiri wimbi lishuke. Wewe hauko kwenye wimbi. 61 ni moto wa makaa.

Vipo vipimo vya damu vinavyojaribu kulisogelea kovu lenyewe. Kimoja huitwa ELF: kinapima asidi ya hialuroniki, kipande kinachokatwa wakati kolajeni ya aina ya 3 inaposukwa, na protini inayovizuia vimeng'enya vinavyoila kolajeni. Yaani kinapima kazi ya ujenzi inavyoendelea. Udhaifu wake ni kwamba mwili mzima unajenga na kubomoa kolajeni, na asidi ya hialuroniki hupanda hata baada ya mlo. FibroTest, iliyotoka Ufaransa mwaka 2001, inachanganya protini kadhaa za damu na bilirubini (ile rangi ya njano ya nyongo), kisha kuongeza umri na jinsia. Mtu mwenye bilirubini ya juu ya kurithi isiyo na madhara, au mwenye chembe nyekundu zinazovunjika, atapata alama mbaya bila kosa la ini. Kuna pia GPR, inayotumia kimeng'enya cha GGT badala ya AST. Ilipendekezwa mwaka 2016 kutokana na wagonjwa wa hepatitisi B wa Gambia na Senegali, na kwao ilifanya vizuri kuliko APRI na FIB-4, lakini sehemu nyingine haikung'ara hivyo. GGT hupandishwa na pombe na baadhi ya dawa. Kwa mtu aliye mahali ulipo wewe, siagizi hata kimoja kati ya hivi kama elastografia inapatikana.

Elastografia si kipimo cha damu, ila nitakuwa mchoyo nisipoitaja. Mashine inagonga ubavu kwa wimbi dogo, inapima kasi ya wimbi likipita kwenye ini, na ini gumu hulipitisha haraka. Majibu huja kwa kilopaskali. Mwongozo wa 2024 unahesabu zaidi ya 7 kuwa makovu makubwa, zaidi ya 12.5 kuwa sirosisi. Nenda ukiwa hujala kwa saa 3 au zaidi, maana chakula huongeza damu kwenye ini na kulifanya lionekane gumu. ALT iliyopaa sana hufanya vivyo hivyo, lakini 61 si ya kuharibu kipimo.

Na kukatwa kipande? Sikushauri. Sindano inachukua takriban sehemu moja kati ya 50,000 ya ini, na kovu halijasambaa sawasawa, kwa hiyo sindano ikiingia sentimita chache pembeni inaweza kutoa jibu jingine. Wataalamu wawili wakitazama kipande kimoja hawakubaliani kila mara kama ni F1 au F2. Ukiongeza hatari ya kuvuja damu, ndogo lakini ipo, utaona huo "ukweli" unaoutafuta una ukungu wake. Biopsi naiweka kwa ajili ya swali ambalo vipimo vingine haviwezi kulijibu: huenda kuna ugonjwa wa pili wa ini, au damu na elastografia zinapingana vibaya. Swali lako si la aina hiyo.

Sasa nije kwenye namba uliyoitupia mwishoni kama nyongeza, wingi wa virusi: IU 6,400 (IU ni vizio vya kimataifa). Kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayoamua, na madaktari wako walikuwa wanagombana mlango wa mbele huku wa nyuma uko wazi. Mwongozo wa 2024 una njia kadhaa za kumfikisha mtu kwenye dawa, na makovu ni mojawapo tu. Nyingine inasema: virusi vikizidi IU 2,000 kwa mililita na ALT ikawa juu ya kawaida, mtu mzima atibiwe, kovu liwepo au lisiwepo. Na kawaida ya ALT inayotumiwa hapo ni 30 kwa mwanaume na 19 kwa mwanamke, chini ya ile inayochapwa na maabara nyingi. Wewe una 6,400 na 61, na miaka 3 iliyopita ALT ilikuwa 48. Unastahili dawa hata kama kesho APRI itarudi 0.48. Kipimo cha marudio kikithibitisha ALT iko juu bila homa, mimi ningekuandikia siku hiyohiyo.

Kabla ya kidonge cha kwanza hakikisha umepimwa VVU, kwa sababu dawa ya hepatitisi B ikitumika peke yake kwa mwenye VVU asiyejijua huvifundisha virusi vya VVU usugu. Pima figo, hasa ukipewa tenofovir. Pima hepatitisi D ikiwezekana. Huyo ni mgeni anayeishi juu ya mgongo wa B na kuharakisha makovu. Na ukishaanza usiache kwa hiari yako, hata namba zikipendeza. Virusi vilivyozimwa ghafla vikiachiwa ghafla vinaweza kurudi kwa wimbi linaloangusha ini.

Hapo bado kujua hali ya makovu kuna kazi, ila kazi yake si tena kuamua dawa. Ni kuamua ulinzi. Mwenye sirosisi anahitaji ultrasaundi ya ini kila miezi 6 kutafuta saratani ikiwa changa, na anahitaji kujulikana kama mishipa ya umio imevimba. Kwako APRI iko chini ya 1.0, AST haijaipita ALT, chembe sahani bado ziko juu ya 150. Sioni sirosisi hapo. Lakini hepatitisi B, tofauti na magonjwa mengi ya ini, inaweza kuleta saratani hata ini likiwa halijafika F4, kwa hiyo ultrasaundi ya mwanzo uifanye hata hivyo, na kama kuna saratani ya ini katika ukoo wako, mwambie daktari kabla hajakuuliza.

Swali lako la mwisho ni zuri na jibu lake litakuudhi kidogo. Ukianza dawa, AST yako itashuka ndani ya miezi. APRI itashuka nayo, na utafurahi. Kilichoshuka ni moto. Kovu bado lipo, linahitaji miaka. Kwamba linaweza kuondoka tunajua vizuri: katika utafiti wa tenofovir uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 348 walikatwa kipande cha ini mwanzoni na tena baada ya miaka 5. Kati yao 96 walianza wakiwa na sirosisi, na 71 kati ya hao hawakuwa nayo tena mwishoni. Lakini hilo lilionekana kwenye biopsi, baada ya miaka 5. APRI ya mwezi wa sita haiwezi kuliona. Mistari yote niliyoitaja ilitengenezwa kwa watu ambao hawajaanza dawa. Ukiitumia kwa anayetumia dawa ni kama kupima homa ya mtu aliyekwisha kumeza paracetamol. Kwa hiyo mtu aliyeanza akiwa na sirosisi haachi ultrasaundi zake kwa sababu APRI imekuwa 0.3, na wa hepatitisi C aliyepona kabisa virusi naye ni hivyohivyo.

Baada ya kuanza, cha kufuatilia ni wingi wa virusi na ALT. Chembe sahani zitazame kwa mwaka, si kwa mwezi: zikipanda taratibu kutoka 172 kurudi 200 na zaidi, nitaipenda habari hiyo kuliko APRI yoyote. Elastografia irudiwe baada ya mwaka mmoja au miwili, na kushuka kwake kwa mwaka wa kwanza ulichukulie kama APRI, sehemu kubwa ni uvimbe unaoisha.

Nenda kwa daktari wa pili. Mpeleke karatasi zote mbili, ya miaka 3 iliyopita na ya sasa, na juu ya ile ya sasa andika kwa kalamu tarehe homa ilipoanza na ilipoisha, kwa sababu mashine haikuichapa.